Mashua Iliyotangulia

Mimi ni fundi wa miguu bandia. Karakana yetu iko upande wa Changamwe, chumba kirefu chenye oveni ya kulainishia plastiki, mabenchi mawili, na rafu iliyojaa vigutu vya plasta, mifano ya miguu iliyokatwa, ambavyo mgeni akiviona kwa mara ya kwanza hugeuza uso. Nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewatengenezea miguu madereva wa malori, makuli wa bandarini, wachuuzi na watoto wa shule. Wengi wao wamenifunza jambo, lakini hakuna aliyenifunza kama askari mmoja mstaafu wa jeshi la wanamaji, ambaye sote tulimwita Afande.

Afande alikuwa Mgiriama wa Kaloleni aliyehamia Likoni tangu ujana wake. Kazini alifundisha kuruta mafundo ya kamba, bendera za ishara na historia ya vita vya baharini. Alipostaafu, ugonjwa wa sukari ukamla mguu wa kushoto chini ya goti. Siku aliyoletwa kwangu kupimwa nilitarajia maswali niliyoyazoea. Watu huuliza kama wataweza kuvaa kiatu, au kama wataingia kanisani bila kutazamwa. Yeye aliuliza:

"Mguu huu unaingia maji ya chumvi?"

"Hauingii, Afande."

"Basi nitengenezee unaoingia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuja kila Jumanne kujifunza kutembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, na kila alipochoka alikaa kwenye benchi la mlangoni pamoja na wale wanaosubiri. Hapo ndipo alipojuana na mwanamke mmoja, muuza mboga wa Ziwa la Ng'ombe, aliyekatwa mguu baada ya kugongwa na lori. Ilikuwa mara ya tatu mama huyo kuja na magongo yake, na mara ya tatu mimi kumwambia kwamba vifaa havijafika. Alinishukuru, akageuka, akaanza safari ya kurudi. Afande alimtazama mpaka akapotea nje ya lango.

"Wanaongoja kama yule ni wangapi?" akaniuliza.

Nilimpa daftari la majina. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza, kama mtu asomaye orodha ya waliokufa vitani. Alipomaliza alilifunga taratibu akanirudishia. Juma lililofuata alikuja na ramani ya bahari aliyoikunja chini ya kwapa.

Alitaka mashindano ya matanga. Vyombo vitoke ufuo wa Mtongwe, viingie ndani ya maji ya Port Reitz, vizunguke boya, virudi. Kila chombo kitafute wadhamini wake: kanisa, msikiti, chama cha akina mama, duka la mtaani. Kitakachopatikana kinunue vifaa vya miguu. Nilimwuliza ni nani atakayeshindana, kwa sababu wavuvi wa Likoni wana ngalawa na mashua za mbao, na wale wanaoendesha matanga kwa starehe wana boti za plastiki zinazokata maji kama wembe.

"Zikianza pamoja, hayo si mashindano, ni aibu," akasema. "Hazitaanza pamoja."

Akatandaza ramani juu ya benchi langu, akaizuia pembe kwa vigutu viwili vya plasta, na akanipa somo alilowapa kuruta kwa miaka mingi. Zamani, alisema, manowari za Waingereza zilizunguka pwani hii zikiyasaka majahazi ya watumwa. Jahazi huwa limeshatangulia. Manowari ikiliona tanga kwa mbali ndipo inapoanza kufukuza. Mbele kuna chombo kizito, nyuma kuna chepesi, na swali ni moja tu, kama kitafikiwa kabla ya kugusa nchi kavu. Nasi tutafanya vivyo hivyo. Kizito kuliko vyote kiondoke kwanza, kinachokifuata dakika kadhaa baadaye, na kilicho chepesi kabisa kibaki ufuoni kikitazama migongo ya wenzake. Hesabu ikiwa sawa, vyote vitafika kwa pamoja.

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sikutaka kumharibia, lakini ilibidi niseme.

"Afande, kwetu ni Kisauni, walikoshushwa watumwa waliookolewa. Nyanya ya mamangu alikuwa ndani ya jahazi kama hilo."

Akaanza kuikunja ramani, halafu akaacha.

"Mamako yu hai?"

"Yu hai."

"Nipeleke kwake."

Mamangu alikuwa ameshavuka miaka themanini. Alisomesha shule ya msingi maisha yake yote, na hata siku hizi akisema nawe utadhani umesimamishwa mbele ya ubao. Tulimkuta barazani nyumbani kwake, si mbali na Kengeleni, akichambua mchicha. Afande alimpa shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti. Kisha Afande akaeleza jambo lake lote, la daftari, la boya, la manowari na jahazi. Mama alimsikiliza huku mikono ikiendelea na mchicha.

"Kwa hiyo mnataka kucheza mchezo wa kumwinda bibi yangu," akasema.

"La, mama. Manowari zilikuwa zinakuja kuokoa."

"Nani alimwambia bibi kwamba zinakuja kuokoa?"

Mama akauweka ungo chini.

Hadithi ile nilikuwa nimeisikia vipande vipande, lakini siku hiyo aliisimulia nzima, kwa mtu ambaye hakuwa amemjua kwa zaidi ya nusu saa. Bibi yake alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Alilazwa chini kabisa ya jahazi, kwenye ngama, pamoja na watoto wengine. Mabaharia walikuwa wamewaambia kwamba wazungu hula watoto. Basi mizinga iliposikika, na wanaume wasiowajua waliporuka ndani na kuwanyanyua mmoja mmoja, yule mtoto alimwuma mmoja wao mkono mpaka damu ikatoka. Kwenye manowari alipewa uji akaukataa, maana aliamini ananoneshwa. Siku ya nne walishushwa Kisauni, na mwanamke mmoja mpishi aliyejua lugha ya kwao akamshika kichwa akamwambia asiogope, yuko salama.

"Nilikuwa na miaka kumi alipofariki," mama akasema. "Na neno alilolirudia mara nyingi ni hili: 'Siku nne nzima nilikuwa nimeshaokolewa, na sijui.' Hakuna aliyemwambia. Hata mmoja hakupata kujifunza maneno mawili ya kumwambia mtoto."

Gari la maji lilipita barabarani likipiga honi. Afande alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani ataomba radhi aondoke, na mashindano yaishie pale barazani.

"Mama," akasema, "wewe ungeyafanyaje?"

Nadhani swali hilo ndilo lililomshinda mamangu. Kwa miaka yote watu wamekuja Kisauni kuuliza habari za wazee, wakaandika, wakaondoka. Huyu alikuwa anaomba kusahihishwa.

"Atakayekipita chombo cha kwanza asikipite kimya," mama akajibu. "Asogee karibu, aseme kwa sauti: 'Msiogope, mko salama.' Kwa Kiswahili cha kueleweka. Asiyesema, hakushinda."

Afande alitoa kijitabu mfukoni akaandika. "Sharti la pili?"

"La pili, chombo hicho cha kwanza nitapanda mimi."

"Mama!" nikasema.

"Abee ndiyo husemwa mtu akisema na mamake," akanijibu, na akaurudisha ungo mapajani.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimstahi mtu yule. Ruhusa ya kutumia maji yale ilitakiwa kutoka ofisi zaidi ya moja, kwa kuwa meli za Kipevu haziwezi kusimama zipishe ngalawa. Afande alizunguka ofisi zote kwa mguu wake mpya, akirudi karakana jioni na kigutu kilichochubuka, nami nikimgombeza huku nikimpaka dawa. Alipopewa saa chache za asubuhi ya Jumamosi alifurahi kama aliyepewa bahari yote. Kisha akaanza kupima vyombo. Kimoja baada ya kingine alikipeleka kwenye boya na kurudi, yeye akiwa ufuoni kwenye kiti cha plastiki na saa mkononi, na hakukubali kupima mara moja tu. Aliandika uzito, upepo, maji kujaa na kupwa, mpaka tabia ya nahodha aliiandika. Mhandisi mmoja wa bara anayefanya kazi bandarini, mwenye boti nyepesi ya matumbo mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, alilalamika kwamba amepewa kuondoka wa mwisho, karibu saa nzima nyuma ya chombo cha kwanza.

"Afande, hiyo ni ngori. Nitawashika saa ngapi?"

"Utawashika," Afande akamwambia. "Ila hutawashika kirahisi."

Vyombo vilikuwa kumi na viwili. Cha kwanza kilikuwa mashua kuukuu ya mvuvi mmoja wa Mtongwe, pana ya tumbo, nzito kama jiwe la kusagia. Afande mwenyewe alishika usukani. Muuza mboga wa Ziwa la Ng'ombe alikuja, ingawa mguu wake haukuwa umetengenezwa bado, kwa sababu alisema hawezi kukaa ufuoni watu wakishindana kwa ajili yake. Mwenye mashua alishughulikia tanga. Mamangu alivaa kanga mbili na juu yake jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Mimi nilipanda kwa kuwa sikuweza kumwacha aende bila mimi.

Saa mbili asubuhi bendera ikashuka, tukasukumwa majini tukiwa peke yetu. Ufuo ulijaa watu. Kwaya ya kanisa la mama ilikuwa upande mmoja, na upande wa pili wavuvi waliokuwa wakimpigia kelele mwenye mashua asiwaaibishe. Vyombo kumi na kimoja vilibaki nyuma vikiwa vimefunga matanga, na manahodha wake wamesimama mikono kiunoni. Nimeishi karibu na maji haya maisha yangu yote. Siku hiyo ndipo nilipojua vile ilivyo kutangulia, kujua kwamba kila dakika chombo kingine kinaachiwa kukufuata. Mama alikaa ameelekea nyuma. Hakuwa akitazama tunakokwenda.

"Cha pili kimetoka," akasema. Baada ya muda, "Cha tatu."

Kwenda, upepo ulikuwa mgongoni, na mashua ilienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulilizunguka boya upande wa Port Reitz hakuna aliyetukaribia. Muuza mboga alipiga kigelegele. Lakini kurudi ilikuwa upepo wa usoni, na hapo ndipo uzito wetu ulipojulikana. Ilibidi tupige bisho, tukate huku, tukate kule, na kila tulipogeuza tanga tulipoteza njia tuliyokwisha kuipata. Maji yalianza kuruka ndani. Mimi na muuza mboga tukashika vikopo tukayafua.

Mgeuzo wa tatu au wa nne, Afande aliinuka kidogo ili aone tanga, na mguu wake ukamtoka. Niliona vizuri. Maji yalikuwa yameingia ndani, ngozi imelowa, na plastiki niliyoifinyanga kwa mikono yangu ikateleza kama sabuni. Akaenda upande. Muuza mboga alimdaka jaketi akamvuta, wote wawili wakaanguka juu ya kamba, na usukani ukacheza peke yake mpaka mwenye mashua alipourukia.

Nilisahau habari za mashindano. "Tushushe tanga," nikasema. "Tuwaite wenye boti ya uokoaji."

"Nani kaumia?" Afande akauliza.

"Hakuna, lakini mguu…"

"Basi tusonge." Alijikokota hadi mahali pake, akauchomoa mguu wote pamoja na soksi, akamgeukia mamangu. "Mama, nishikie."

"Lete, baba," mama akasema. Aliupakata kama anavyopakata kitukuu, akaufunika kwa ncha ya kanga usizidi kulowa. Afande akakaa chini kabisa, akaegemea ubao kwa kigutu, akashika usukani. Mimi nilirudi kwenye kikopo changu nikiwa na aibu ya fundi ambaye kazi yake imefeli mbele ya watu. Yeye hata hakunitazama kwa lawama. Alikuwa akitazama tanga.

Wakati huo ndipo ngalawa ya Likoni ilipotufikia. Nahodha wake, mzee wa Kidigo mwenye kofia ya kitani, alikuja karibu sana mpaka nikauona mshono wa tanga lake. Mama alikuwa amekaza mikono kwenye ule mguu.

"Msiogope, mama zangu!" nahodha akapaza sauti. "Mko salama! Wallahi mko salama!"

Ngalawa ikapita. Mamangu alitaka kuitikia, nikaona kinywa kikifunguka, lakini sauti haikuja. Akainua mkono tu, akaushikilia juu mpaka ngalawa ikawa mbali. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami sikuwahi kumwona mamangu akilia, hata tulipomzika baba.

Baada ya hapo walikuja kwa karibu karibu, na kila mmoja alisema. Mwingine alisema kwa haya, kama mtoto anayesomeshwa, mwingine akasema pamoja na mabaharia wake wote kwa sauti moja. Kila walivyosema ndivyo mama alivyopata nguvu, hata akaanza kuwajibu: "Ahsanteni, wanangu! Tumesikia!"

Wa mwisho kutufikia alikuwa yule mhandisi. Boti yake ilikuja imeinua tumbo moja juu ya maji, kwa mwendo wa kuwafikia wote waliokwisha kutupita. Alipotukaribia alipiga kelele bila kupunguza mwendo:

"Wamama, msijali, mko poa!"

Mamangu akasimama. Ndani ya mashua inayoyumba, miaka themanini na ushee, mguu wa mtu kwapani.

"Wewe!" akasema kwa sauti ya darasani. "Rudi useme vizuri!"

Sikutegemea kwamba angemsikia, sembuse kumtii. Lakini nililiona tanga lake likilegea. Boti ikapoa, ikageuka, ikarudi mpaka ikawa ubavuni mwetu. Akavua kofia.

"Samahani, mama. Msiogope. Mko salama."

"Haya, nenda sasa," mama akamwambia. "Wenzako wanakuacha."

Alikaza tanga akaenda mbio, akawapita wengine mmoja mmoja, na ufuoni walioona wanasema alibakiza urefu wa chombo kimoja tu kuifikia ngalawa. Likoni ikashinda. Nyuma yao vyombo viliingia kwa mkupuo mmoja, mashua, ngalawa na plastiki, matanga yamegusana, watu wakikimbilia majini kuvipokea. Waamuzi walibishana ni nani wa tatu na nani wa nne. Sisi tulikuwa wa mwisho. Baina ya mshindi na sisi, chai isingepoa kikombeni. Afande alibebwa mabegani na wavuvi hadi kwenye mchanga, saa bado iko mkononi, na alipoitazama alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Vyombo kumi na viwili vyenye tabia kumi na mbili alivipanga viondoke kila kimoja kwa wakati wake ili vikutane ufuoni, na vikakutana.

Mhandisi alikuja kumpa mkono mama. Mimi nilikwenda kwa Afande kuomba radhi.

"Nilikuambia hauingii maji," nikasema.

"Na mimi nilikuambia nini?"

Jumatatu yake nilianza kumtengenezea mwingine, wenye mkanda wa kupita juu ya goti na vitundu vya kutoa maji. Uliharibika mara mbili kabla haujakaa sawa. Muuza mboga alipimwa juma hilohilo, naye akataka mkanda kama wa Afande, ingawa hana nia ya kurudi baharini. Fedha za wadhamini zilinunua vifaa, na kabla ya mwaka kwisha kila mtu aliyekuwa kwenye daftari langu alikuwa ameitwa kupimwa.

Siku ile ya mashindano tulivuka Likoni kwa feri kurudi nyumbani. Mama alipewa nafasi ya kukaa. Chumvi ilikuwa imemkaukia kwenye nyusi. Nilimwuliza kama amechoka, akasema hapana, ila kuna jambo limemrudia akiwa kule majini.

"Bibi hakuwa akiitwa vile tunavyomwita," akasema. "Hilo alipewa alipobatizwa. Alikuwa na jina la kwao."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Sikuwa na hakika kama bado ninalo."

Alinitajia. Lilikuwa jina fupi, lenye sauti isiyo ya pwani. Nililijaribu, nikakosea, akanisahihisha. Nikalijaribu tena. Feri ilikuwa imeshagusa ng'ambo na watu wameanza kushuka, wakitupita huku na huku na mizigo yao, nasi tumekaa palepale, mama akinisikiliza kama alivyosikiliza wanafunzi wake, mpaka nikalitamka sawasawa.